Ngoma Iliyotupita kwa Nyuma

Mwanangu, wewe umezaliwa ukakuta sabufa katika kila sebule, hata za kupanga. Mwaka 2005 mimi nilikuwa na banda la video hapa Bagamoyo, karibu na soko la samaki, makuti juu, magunia madirishani, kiingilio shilingi 100. Ndani palinuka jasho na mafuta, maana kinamama walikaanga samaki mlangoni tangu alasiri, na aliyetoka kidogo alirudi na kipande cha pweza cha shilingi 50 mkononi. Filamu zilikuja kwenye VCD, filamu moja sahani mbili, kwa hiyo vita vikipamba moto ilibidi niinuke kubadilisha. Sauti yenyewe ilikuwa ya pande mbili tu, kushoto na kulia.

DVD nazo zilikuwa zimeanza kutufikia, zikipanda basi pale Mwenge pamoja na mizigo mingine, na kwenye majalada yake tukaona namba 5.1. Fundi redio wetu, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyobabuka kwa kulehemu, ndiye aliyenifafanulia: spika tatu mbele, mbili nyuma, na hiyo .1 ni ya mngurumo peke yake. Fedha za mashine ya 5.1 hatukuwa nazo. Akachukua spika kuukuu ya redio, akaunga waya wake mmoja kwenye chanya ya spika ya kushoto na wa pili kwenye chanya ya kulia, hasi hakuzigusa kabisa, akaitundika ukutani nyuma ya mabenchi. Nisikilize vizuri hapa, maana ni jambo la kupendeza sana: spika iliyofungwa hivyo husema yale tu ambayo kushoto na kulia hawakubaliani. Maneno ya mwigizaji, yaliyo sawasawa pande zote mbili, hufutana yakanyamaza. Mvua, upepo na mwangwi hubaki. Mmarekani David Hafler aliieneza njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila fundi wetu aliipata kwa fundi mwenzake wa Kariakoo. Usiku ule mvua ya kwenye filamu ilitunyeshea nyuma, watu wakainua macho kutazama kama makuti yanavuja.

Hapo ndipo lilipoingia wazo lililoninyima usingizi mwaka mzima: kuirekodi ngoma yetu ya mdundiko kwenye DVD ya 5.1. Mwanamuziki wetu Mzee Hukwe Zawose alikuwa ametutoka mwishoni mwa 2003, na sauti yake ilisharekodiwa hadi Uingereza, kwa mwanamuziki Peter Gabriel. Lakini wapiga mdundiko wetu, Wazaramo waliotuchezea ngoma za unyago na harusi za mji mzima, walikuwa wanazeeka bila hata kanda moja. Na mdundiko hauna mbele. Unatembea. Unatokea uchochoroni, unakupita, unakwenda zake, na wewe uliye katikati unausikia kwa mgongo kabla hujauona. Nikaazima vinasa sauti viwili vya minidiski na maikrofoni nne, nikazisimika pembe nne za uwanja wa mchanga, huku makumbi ya nazi yakiwaka na ngozi za ngoma zikikanzwa motoni. Harufu ile ya ngozi na moshi ninayo mpaka leo. Kwa kuwa vinasa vile havikujuana, nilipiga kofi moja kubwa mwanzoni na jingine mwishoni, nipate pa kuzilinganisha sauti. Kamera haikuwepo, kwenye skrini ingekaa picha moja tu ya ngoma.

Kuipika DVD ile kulikula miezi. Kikwete, mtoto wa wilaya yetu, alikuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, mvua zimegoma, maji yamepungua mabwawani, na 2006 ikawa mwaka wa mgao wa umeme. Kila spika na faili yake, sita zote, kisha zibanwe pamoja kwa kilobiti 448 kwa sekunde ndipo deki izisome. Sahani tupu ilikuwa shilingi 1,000. Nne ziliharibika umeme ulipokatika zikiwa zinachomwa. Ya tano nikampelekea mzee wetu, mpiga ngoma mkuu. Shikamoo, marahaba, akakaa katikati ya spika na kikombe chake cha kahawa. Hata dakika haikwisha. “Mmeniunguzia ngoma,” akasema. “Ngozi hii imekaa motoni kupita kiasi. Siku ile sikuipiga hivi.” Siku mbili nilitafuta kosa, nikaliona. Minidiski huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, DVD hutaka 48,000. Vile vipimo vya kwanza vilikuwa vimekimbizwa bila kugeuzwa, na ngoma ikapanda kwa karibu asilimia 9. Mimi niliyelala nayo miezi sikusikia. Yeye, ambaye hajapata kugusa kompyuta, alisikia, kwa sababu moto ule aliukoka mwenyewe.

Nikaipika upya. Usiku wa kuionyesha banda lilifurika, homu thieta ya kuazima, mzee tumemwekea kiti katikati. Mdundiko ukaanza mbali, nyuma kushoto, ukasogea, ukatupita mabegani, na kinamama waliokuwa mlangoni wakaacha makarai yao wakaanza kuitikia. Mzee hakusema kitu. Akanyanyuka, akageuza kiti, akaipa televisheni mgongo, kisha akaniita kwa kidole.

“Hiyo spika ya nyuma isogeze hatua mbili kwenye mlango. Shangazi yako siku ile alisimama pale.”

Nikaisogeza.