Anga la Wote, Ardhi ya Nani?

Mtunda, wilayani Kibiti, kandokando ya delta ya Rufiji, hakuna mnara wa kurushia roketi. Kuna mpunga, minazi na mikorosho. Hata hivyo, kwa jicho la wahandisi wa anga, mahali hapo pamejaaliwa: pako takriban nyuzi nane kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari. Dunia izungukapo hukisukuma kila kilicho juu yake kuelekea mashariki, na kwenye ikweta msukumo huo hufikia mita 465 kwa sekunde. Roketi irushwayo karibu na hapo huondoka na upepo wa tanga ambao haukununuliwa, nayo ikianguka, aghalabu huangukia maji. Ingawa mbele ya delta kuna Mafia, na Mafia kuna watu.

Zawadi hiyo ni ya Mungu. Kuigawa ndiyo siasa.

Pwani hii imeshaijua siasa hiyo. Mwaka 1960, Uingereza iliikubalia Marekani kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, huku Wazanzibari wenyewe wakiwa bado chini ya himaya. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, sauti ya Unguja ilikuwa miongoni mwa zilizomfikia. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Kufikia Aprili serikali mpya ilikwisha kuamuru kituo kiondolewe. Mitambo haikuwa imeharibika. Kilichobadilika ni mwenye nyumba.

Kaskazini, katika ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa baharini. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilipaa kutoka hapo. Iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Jina lilikuwa la Kiswahili, bahari ya Kenya, jukwaa la Italia, na roketi ya Marekani. Aliyeshika roketi ndiye aliyeshika ufunguo. Wengine walikuwa wageni waalikwa, hata aliyekuwa kwao. Wakenya wakanung'unika kwa miaka mingi kuhusu fungu lao, na mwaka 2016 mkataba mpya ukatiwa saini na Italia.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, jambo lilikuwa la biashara waziwazi. Mwaka 1976 kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya Lutz Kayser, ilikodi kwa Mobutu eneo la Shaba lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100,000 hivi, ili irushe satelaiti za wateja kwa bei nafuu. Roketi ya kwanza ya majaribio ilipaa Mei 1977. Lakini Ujerumani ilikuwa imegawanyika, Shaba ilikuwa na vita, na Moscow ikadai kwamba biashara hiyo ni pazia la makombora. Majirani wakaingiwa na hofu. Mwaka 1979 Mobutu akaifunga. Kampuni ikahamia Libya. Hakuna satelaiti hata moja iliyofika angani. Mkataba uliofungwa na mtu mmoja ulivunjwa na mtu yuleyule, na wakazi wa nchi ile hawakuulizwa kwa kufungwa wala kwa kuvunjwa.

Sheria nayo ina makali yake. Mkataba wa 1967 wasema anga ni la wanadamu wote. Mkataba wa 1972 waongeza kwamba nchi ambayo roketi imerushwa kutoka ardhini mwake ni miongoni mwa zinazowajibika kwa madhara yake, hata ikiwa roketi si yake. Faida yaweza kwenda mbali. Dhamana hubaki nyumbani.

Delta ya Rufiji ilikwisha kupokea chombo cha wenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo mwaka 1914, ikaangamizwa Julai 1915, na ugomvi wake haukuwa wa watu wa mikoko. Ikiwa siku moja wageni watakuja Mtunda na ramani zenye mstari wa ikweta, hawatakuja kutafuta mpunga. Watakuja kutafuta upepo ule wa tanga. Hapo swali la kwanza lisiwe roketi itafika wapi. Liwe: nani atatia saini, kwa niaba ya nani, na mwenye shamba atakuwa ameketi upande gani wa meza?