Nyumba ya Kitambaa

Katika makao yote aliyopata kujitengenezea binadamu, hema ndilo duni kabisa. Kuta zake ni kitambaa, nguzo zake ni fimbo, na msingi wake ni vigingi ambavyo mtoto wa miaka sita aweza kuving'oa. Halizuii baridi wala kelele, na nyati akitaka kupita halimcheleweshi hata dakika moja. Walakini watu wenye nyumba za mawe na mabati huviacha vitanda vyao kwa hiari, wakalipa fedha langoni, wakapanda mlima kwenda kulala ndani ya kitambaa hicho. Jambo hili huwashangaza wengi katika nchi yetu, wala sioni kuwa mshangao wao ni wa kipumbavu.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wa walioshangaa. Nilipomwarifu kwamba mimi na walimu wenzangu wawili, tuliosoma pamoja katika chuo cha ualimu, tumekusudia kulala siku nne katika Mlima Kenya, alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mmekosa nyumba?" Nilimjibu kwamba twaenda kuona msitu na maziwa. Akasema msitu aliuona zamani, tena wa kutosha.

Msomaji na ajue maneno hayo yalitoka wapi. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952, na katika miaka iliyofuata msitu wa mlima ulipigwa marufuku kwa watu waliouzunguka. Wapiganaji walikuwa ndani yake, na serikali ya kikoloni ilitaka chakula kisiwafikie. Likachimbwa handaki refu kandokando ya msitu, na ndani yake ikachomekwa mianzi iliyochongwa ncha. Handaki hilo halikuchimbwa kwa mashine. Lilichimbwa kwa majembe na watu wa vijijini, waume kwa wake, waliotolewa majumbani asubuhi bila ya kuulizwa wala kulipwa. Nyanya alikuwa msichana, naye alikuwa miongoni mwao. Hueleza kina cha handaki kwa kuinua mkono juu ya kichwa chake, kisha hunyamaza. Mtu aliyeujua mlima kwa njia hiyo ana haki ya kumwuliza mjukuu wake kama amekosa nyumba.

Tulianzia Chogoria, upande wa mashariki, ambako mvua ni nyingi na msitu ni mnene. Juu ya mashamba ya kahawa huja mashamba ya chai, na juu ya chai msitu huanza ghafula kama ukuta. Kiongozi wetu, mzee mwenyeji wa huko aliyeongoza wageni tangu ujana wake, alisimama mahali fulani ukingoni akatuonyesha bonde dogo lililojaa magugu. Ng'ombe wangeweza kulivuka bila ya kupunguza mwendo. "Hilo ndilo," alisema, wala hakuongeza neno. Nilishuka ndani nikasimama. Ukingo ulinifika magotini. Mvua za miaka sabini zimelijaza udongo, na fundo la mizizi limeshika mahali ambapo zamani palikuwa na ncha za mianzi.

Safari ya siku ya kwanza ilikuwa ya kupita katika msitu. Kwanza ni miti mirefu, mipodo na jamaa zake, ambayo mbega huruka juu yake na mikia yao myeupe ikining'inia kama vitambaa vilivyoanikwa. Kisha huja mianzi. Katika mianzi hakuna la kutazama ila mianzi, na kila upepo ukivuma hugongana kwa sauti kavu, hata mtu hudhani anafuatwa. Tuliona kinyesi cha ndovu kingali na mvuke. Kiongozi alitutaka tuzungumze kwa sauti, kwa kuwa mnyama anayesikia watu mapema hujiondoa, bali anayeshtukiwa karibu hana nafasi ya kufikiri. Karibu na lango la hifadhi, panapokaribia mita 3,000 juu ya bahari, mianzi iliisha na kukawa na miti mizee iliyopindika, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia katika matawi. Hapo ndipo tulipopigilia vigingi vyetu vya kwanza. Usiku perere walipiga makelele juu ya miti kwa namna ambayo haiwezi kuaminiwa na mtu asiyepata kuisikia: sauti kama ya mlango wenye kutu, nayo yatoka katika mnyama asiyezidi sungura mnene.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alitaka tukoke moto wa kuni. Kiongozi alikataa. Tuliambiwa kupikia jiko la gesi tulilochukua na kukaa gizani baada ya hapo. Laiti angalikuwa mtu wa kusema maneno mengi angalitusomea kanuni, lakini alisema tu, "Walimu, mwaka 2012 nilibeba maji hapa." Mwezi wa Machi mwaka huo moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima, ukawaka siku nyingi, na askari wa wanyamapori, wanajeshi na wanavijiji wakauzima kwa matawi na majembe. Hatukuomba moto tena.

Siku ya pili tulifika Ziwa Ellis. Lipo wazi, nje ya msitu, kama mita 3,400 na ushei juu ya bahari, nalo ni pana na tulivu, limezungukwa na nyasi za mafundo na vichaka vigumu vyenye majani kama sindano. Nakiri kwamba nilipokuwa nikifundisha habari za mlima huu kwa kutumia ramani ya ukutani, maziwa yake yalikuwa nukta za buluu tu. Kusimama kando ya nukta mojawapo, na kuona upepo ukiikunja kunja, na bata wawili wakielea katikati yake pasipo kujali kuja kwetu, ni elimu ya namna nyingine. Jioni ukungu uliondoka, na vilele vikaonekana kwa mbali: Batian, wenye mita 5,199, na Nelion jirani yake. Watu wa pande hizi waliuita mlima huu Kirinyaga, wakauelekea walipoomba, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuupima.

Hapo kando ya ziwa ndipo nilipoanza kuona faida ya hema. Katika nyumba mtu hajui aishi kwa vitu vingapi, kwa sababu vyote vimo na vyatumika bila ya kuhesabiwa. Mgongoni mwa mtu kila kitu huwa na uzito wake. Hema letu lilikuwa kilo tatu na nusu. Unga, mchele na sukari vilijulikana kwa kikombe. Na maji yaliyotekwa kwa mikono iliyokufa ganzi hayamwagwi ovyo. Maharage tuliyaacha nyumbani kwa ushauri wa kiongozi. Kadiri mtu apandavyo ndivyo uzito wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Kwenye mita 4,000 huchemka karibu nyuzi 87 badala ya 100. Sufuria hutokota kwa fujo, maharage nayo hubaki mawe. Mwalimu wa hesabu alisema kwamba jambo hilo amelifundisha mara nyingi katika somo la sayansi, illa hakupata kulila.

Siku ya tatu tulipanda hadi kwenye uwanda wa vijiziwa vidogo, karibu mita 4,300. Njiani tulipita katikati ya lobelia na mimea mingine mikubwa ya mlimani, ambayo Mungu ameivika vizuri kuliko sisi. Ule mmea wenye shina refu hauangushi majani yake makavu, bali huyaacha yakauzunguka kama blanketi. Na lobelia hujifunga usiku kama ngumi, tena huhifadhi maji kati ya majani yake, yakaganda juu na kuukinga moyo wa mmea usigande. Mwisho wa uwanda ule ardhi hukatika ghafula. Mtu husimama juu ya jabali na kutazama chini, kama mita 300, na huko chini kabisa mna Ziwa Michaelson, jeusi na la duara. Kutoka humo hutoka Mto Nithi, na maji ya Nithi huishia katika Tana, na Tana huyafikisha katika Bahari ya Hindi. Tulikaa pale kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba maji yale yatafika pwani kabla ya mshahara wangu.

Furaha hiyo haikudumu hata usiku. Katika sisi watatu, mwenye nguvu zaidi alikuwa mwalimu wa michezo. Ndiye aliyekuwa akitangulia siku zote, na ndiye aliyebeba hema. Alasiri alilalamika kichwa. Jioni alikataa chakula. Saa mbili za usiku alitapika, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo tulikuwa tumekwisha kuyajibu. Ugonjwa wa mlima hauchagui mnyonge. Katika kimo kile hewa ina nguvu kama sehemu sita katika kumi za ile ya pwani, na mwili wa mtu mmoja hukubali upungufu huo kwa siku mbili, ambapo wa mwingine hukataa. Kiongozi alitandika kamba ya hema chini, akamwambia aifuate kwa miguu, kisigino mbele ya kidole. Mtu yule, ambaye nimemwona akiruka viunzi kama swala, hakuweza kupiga hatua nne bila ya kuyumba.

"Tunashuka," kiongozi akasema.

Mwalimu wa hesabu alishauri tungoje mapambazuko, kwa kuwa kulikuwa na giza na barafu nyembamba imeanza kutanda juu ya mawe. Hoja yake haikuwa mbaya. Lakini mzee alimjibu kwamba barafu huvunja mguu, na mguu huungwa, ilhali ugonjwa ule ukiingia kichwani huua mtu akiwa amelala, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Tuliliacha hema limesimama. Tulichukua blanketi, maji na tochi. Kiongozi alimshika mgonjwa mkono wa kulia, nami nikamshika wa kushoto.

Katika saa zile nne za kushuka, nikihesabu hatua ili nisifikirie jambo jingine, swali la nyanya lilinirudia kwa maana ambayo sikuwa nimeiona. Msitu uliokuwa chini yetu ulilaza watu wasiokuwa na kitambaa wala jiko. Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, aliongoza wapiganaji katika mlima huu hata akatiwa mbaroni mwezi wa Januari mwaka 1954. Hapana shaka miongoni mwao walikuwamo walioumwa usiku kama rafiki yetu, kwa baridi, kwa homa au kwa majeraha. Hao hawakuweza kuambiana "tunashuka". Chini yao kulikuwa na handaki, na nyanya yangu ndani yake ana jembe. Kisha, kabla ya miaka kumi kutimia tangu akamatwe Itote, Kisoi Munyao alipanda hadi kilele cha Lenana akasimamisha bendera ya nchi huru, Desemba 1963. Sisi watatu tulikuwa na ruhusa ya kupanda, na kubwa zaidi, tulikuwa na ruhusa ya kurudi nyumbani. Sijui kama nyanya angekubali kuwa hilo ni jibu. Yamkini angesema kwamba mwenye ruhusa ya kulala kwake na alale kwake.

Tulifika Ziwa Ellis saa saba za usiku. Palikuwa na kundi jingine la wapanda mlima limepiga kambi, wakaamka, wakatupa nafasi katika mahema yao bila ya kutaka maelezo marefu. Katika nyumba ya mawe mtu hubisha hodi akaulizwa ni nani. Pale tulisikia tu zipu ikifunguliwa. Mgonjwa alilala kati yetu. Mimi sikulala. Kila baada ya kitambo kidogo nilimwuliza jina la mji wetu na siku ya juma, naye alinijibu, kwanza kwa taabu, kisha kwa hasira, na nilipoisikia ile hasira moyo wangu ukatulia.

Kulipopambazuka ziwa lilikuwa likitoa moshi, na nyasi zote zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Kiongozi alirudi juu peke yake kulitwaa hema, akakataa katakata kusindikizwa. Mwalimu wa michezo alitoka nje, akatembea mstari mmoja hadi majini na kurudi, kisha akadai uji. Alikunywa vikombe vitatu, na cha nne alikitoa mkononi mwangu. Alisema hakumbuki kushuka. Akumbuka tu tochi, na mtu aliyekuwa akihesabu kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Adhuhuri kiongozi alitokea juu ya kilima, na hema limefungwa mgongoni mwake. Mgonjwa wetu alikwenda kumlaki, akalipokea, akalipima kwa mikono miwili, kisha akamwuliza mzee ni miezi gani mvua huwa chache.

"Januari na Februari," mzee alijibu. "Safari hiyo, Mwalimu, utalala hapa Ellis siku mbili kabla ya kupanda."

"Siku tatu," akasema mwalimu wa michezo, akatia mikono katika mikanda ya shanta, tukaanza kushuka kuuelekea msitu, kiongozi mbele, na yeye wa pili.