Goti Halisahau

Kocha wetu wa mtaani alinipa daftari: "Wewe uliyemaliza Form Four, hebu andika nani atafika mwisho wa msimu." Nikawapanga kwa majeraha ya mwaka jana. Jamani, hii si ramli. Msuli wa paja uliowahi kuchanika ni mwepesi kuchanika tena.

Ronaldo wa Brazili aliumia goti Novemba 1999. Akarudi Aprili 2000, dakika chache tu kano ikakatika kabisa. Akakaa nje zaidi ya mwaka. Kombe la Dunia 2002 akafunga mabao 8. Kumbe jeraha hutabiri, ila subira nayo ina neno lake.

Nikafika jina langu. Goti hili bado hulia nikipanda ngazi. Nikaandika: "Asubiri." Kalamu ilikuwa nzito, ndugu msomaji.