Hondohondo wa Nyuma ya Jiko

Wengi wenu hamjafika Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, nasi tumeona vema kuwaelezeni habari za ndege tuliyemtazama huko mwezi wa Novemba, maana zawahusu wenye nyumba na watoto.

Tulifikia katika nyumba ndogo ya wageni kando ya msitu. Mbega tuliwaona, na usiku bundi alilia, hata mgeni mmoja akasogeza kitanda chake mbali na dirisha. Lakini hayo tuyaache. Nyuma ya jiko, katika shamba la bibi mmoja mjane, palikuwa na mti mrefu wenye shimo juu. Shimo lilikuwa limezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu, na ndani yake alikuwamo hondohondo jike.

Mwenye nyumba alitueleza desturi yao. Jike akitaka kutaga huingia shimoni. Dume humeza udongo, akautoa tena kooni vidonge vidonge, na jike huupokea na kuukandika mlangoni, hata asiweze adui kuingia. Tangu hapo hali ila aletewacho. Bwana Reginald Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928, na mkewe Winifred walichunguza sana ndege hawa, wakatoa habari zao mwaka 1941. Walikadiria ya kuwa dume mmoja alileta matunda 24,000 katika siku 120 hivi.

Tuliposikia hesabu hiyo tulidhani imetiwa chumvi. Basi tukaketi. Kwanza twasikia mvumo wa mabawa, kisha yule dume mkubwa atua, ashika gome, akohoa tunda moja, alipitisha ufani kwa ncha ya mdomo; tena jingine, tena jingine. Watoto walihesabu 14 kwa safari moja. Akaruka, asipumzike. Mengi yalikuwa matunda ya maesopsisi, mti mgeni ulioletwa na wapanda miti. Hondohondo ndio walioutawanya sana msituni, hata sasa wasonga miti ya asili. Hivyo mlezi huyu mwema ana deni lake kwa watunza msitu!

Mtoto wetu wa pili akauliza, “Je, baba yao akipigwa manati?” Hatukuwa na jibu la kumpendeza.

Siku ya tatu akaja seremala na msumeno. Mjane alikuwa amekwisha kupatana naye bei ya mti ule, kwa kuwa paa la nyumba yake lavuja na mvua zimeanza. Mwenye nyumba ya wageni alimsihi sana, akisema wageni huja kwa ajili ya ndege. Mjane akajibu kwa upole, “Wageni hulala kwako, mwanangu, hawalali kwangu.” Neno hilo lilitunyamazisha sote, maana ni kweli. Mwisho wakapatana: mwenye nyumba atampa mabati manane sasa, na mti usimame hata kinda atoke, yatakayofuata watazungumza mwezi wa Machi.

Seremala aliuzunguka mti, akatia alama ya chaki shinani, akashuka na msumeno wake begani. Juu, dume alikuwa amekwisha rudi.