Tulipokwama Njia ya Kilwa

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa leo ni ya lami. Wazee wetu waliisafiri kwa namna nyingine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa Mto Rufiji kwa kivuko, na nyakati za masika kipande cha kilomita 60 hivi kati ya Ndundu na Somanga kiliweza kuwalaza abiria njiani. Msafiri wa zama hizo alibeba sufuria, unga na maji, kwa kuwa alitarajia kukwama. Msafiri wa leo hubeba simu. Tope limepungua, lakini vyuma bado hukatika, na anayekwama bado huhitaji yale yale: maji, kivuli na mtu wa kuamua.

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu iliandaa ziara ya familia kwenda Kilwa Kisiwani. Tulikuwa watu wazima na watoto 33, katika Coaster moja na Noah moja. Kabla ya kuondoka tulimteua mzee wetu mmoja, maalim mstaafu, awe amiri wa msafara, kama Sunna inavyowaelekeza wanaosafiri wakiwa watatu au zaidi. Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri, tukapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, tukavuka Rufiji juu ya daraja lile linalokaribia kilomita moja kwa urefu, huku watoto wakigombea madirisha ili waone mto.

Tulipokwisha kupita Muhoro, tukielekea Somanga, taa nyekundu ya betri iliwaka katika Coaster, na punde mshale wa joto ukaanza kupanda. Dereva alisimama hapo hapo. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Katika gari lile, mkanda huo ndio uzungushao pia pampu ya maji na altaneta. Ukikatika, betri haichajiwi na maji hayazunguki ndani ya injini. Dereva anayelazimisha kwenda mbele katika hali hiyo huweza kuiunguza gasketi na kuiharibu injini nzima. Vijana walikata matawi wakayapanga barabarani mbele na nyuma ya gari, pamoja na pembetatu za tahadhari. Watoto walihamishiwa chini ya mkorosho, mbali na lami. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, maana maji yake yaliyochemka huruka na kuunguza uso.

Mkanda wa akiba uliokuwamo katika boksi la zana haukulingana na gari. Utingo alidandia basi lililokuwa likirudi Dar es Salaam ili akatafute mwingine Ikwiriri. Jua lilikuwa limeshapanda, na rai zikawa nyingi. Wapo waliotaka tusimamishe lori, tupande juu ya mzigo. Wapo waliotaka Noah iendelee na watu wake saba, ili angalau hao waiwahi mashua tuliyoiagiza Kilwa Masoko.

Amiri alisikiliza wote, kisha akakataa rai zote mbili. Aliamuru abiria wa Noah washuke, na viti vile wapewe wasioweza kungoja juani: mzee mwenye kisukari ambaye saa yake ya kula ilikuwa imekaribia, mkewe anayemhudumia, bibi wawili wakongwe, na kina mama wawili wenye watoto wachanga. Kiti cha saba alipewa binti mkubwa wa mmoja wa bibi hao. Wangetangulia Somanga, kwenye chakula na kivuli, wakatusubiri huko.

Ndugu mmoja alikumbusha, kwa sauti ya ukali kidogo, kwamba alilipa nauli ya juu ili akae kwenye Noah.

"Nauli yako tutakurudishia tukifika," amiri alimjibu. "Kiti nakuomba sasa, mwanangu."

Ndugu yule alinyamaza kitambo. Kisha alishuka, akamshika mkono mzee mwenye kisukari, akamwingiza garini na kumfungia mkanda.

Yakabaki maji. Tulikuwa na madumu mawili ya lita 20, na madai matatu juu yake: kiu, injini na udhu. Dumu moja liliwekwa kwa kunywa, watoto kwanza. La pili lilihifadhiwa kwa ajili ya rejeta, kwani bila hilo hata mkanda mpya usingetufikisha. Kuhusu udhu, amiri hakutaka isikike habari ya tayammamu kabla maji hayajatafutwa. Vijana wawili walitumwa kuufuata mlio wa jogoo ng'ambo ya mashamba ya mikorosho.

Walirejea na mzee wa kijiji, kina mama watatu wenye ndoo kichwani, na sinia la mihogo ya kuchemsha. Mweka hazina wetu alipotia mkono mfukoni, mzee yule alimzuia.

"Hapa mgeni aliyekwama hauziwi maji," alisema.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzifupisha, juu ya mikeka ya kijiji kile, wenyeji wakiwa katika safu pamoja nasi. Utingo alirudi saa tisa, mkanda ukafungwa, na kabla ya Magharibi msafara wote ulikuwa umekutana Kilwa Masoko.

Kesho yake tulivuka kwenda Kisiwani, tukasimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Magofu hayo yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Wengi huisikia habari ya sultani huyo wakafikiria dhahabu ya Kilwa. Sisi tuliisikia tukiwa tumetoka kunywa maji ya kijiji kisicho na dhahabu.

Kwa misikiti inayojiandaa kwa ziara, nasaha yetu ni fupi. Mteueni amiri kabla ya kupakia mizigo. Ulinganisheni mkanda wa akiba na ule uliofungwa kwenye injini. Tengeni maji ya gari mbali na ya watu. Na kila anayelipia kiti aelezwe mapema kwamba njiani kiti kinaweza kuhitajiwa na aliye dhaifu kuliko yeye.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama kijijini pale, tukashusha mikeka mipya na juzuu kwa ajili ya madrasa yao. Mzee wa kijiji alivipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla ya kuvitazama aliuliza: "Yule mgonjwa wenu wa sukari, aliwahi kula?"