Njia ya kwa Shangazi, Ikinga

Tunduma huamka mapema. Jua halijatoka, lakini malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, yameshajaa barabarani, wauza chai wanapenya katikati na chupa zao, wabadilisha fedha wanaita kwa shilingi na kwacha. Hapa ndipo shangazi alikuwa akinipokea nikitoka Dar es Salaam kwa likizo. Kabla hata sijamwamkia, ameshanivika sweta. Baridi ya Juni huku haina mzaha, na mtu wa pwani huisikia mpaka kwenye meno.

Tukifika Mpemba tunaiacha barabara kuu, tunashika lami ya Isongole. Utotoni mwangu njia hii ilikuwa vumbi tupu. Tulishuka nyusi zimekuwa nyekundu, shangazi akanifuta kwa pembe ya kanga huku akicheka. Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, nakula chapati na maharage, kisha napanda bodaboda. Milima ya Bundali ina makona na miinuko. Mahali pengine tunashuka, tunasukuma, dereva ananipa pole kana kwamba mlima ni wake.

Halafu ukungu unafunguka, na kumbe tumezungukwa: migomba juu, migomba bondeni, na katikati yake kahawa iliyoiva. Nachuma punje moja, nafyonza ganda lake. Utamu ni uleule. Shangazi, aliyeolewa huku kwa Wandali, aliniruhusu nifyonze nitakavyo mradi mbegu nirudishe kikapuni. "Utamu wako," alisema, "mbegu ada ya shule." Kahawa ile iliwasomesha binamu zangu wote.

Kijijini sijajitambulisha kwa yeyote, tayari natambuliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Si mtoto wa kaka yake huyu? Tazama paji la uso!"

Navutiwa kigoda karibu na moto. Jirani mmoja anakaanga kahawa chunguni, moshi wake mtamu na mchungu unajaa jiko, macho yanatoka machozi, nami sijali yametokana na nini. Mwingine anamenya ndizi mbichi, viganja amevipaka mafuta utomvu usigande, kama alivyofanya marehemu shangazi.

Mjadala unaanza: shangazi alitanguliza ndizi au maharage? Jirani wa kushoto anaapa ni ndizi. Wa kulia anainuka kabisa, mwiko mkononi. Naulizwa mimi, niliyelala jikoni mwake likizo baada ya likizo. Maharage, nasema, na nazi hakutia kamwe. Jiko zima linapiga vigelegele, isipokuwa jirani wa kushoto, ambaye tayari anainjika sufuria yake atuonyeshe.