Datsun ya guka, na uongo niliowaambia kuhusu chuo

Kwanza naomba msamaha. Kuna video niliweka hapa nikisema niliacha chuo kwa sababu darasani hawakufunzi kitu cha kukusaidia maishani. Wengi mliipenda. Nimeitoa, na sababu ni waya mbili.

Guka alituachia Datsun 1200 pikapu. Alipofariki ilikaa chini ya mti wa avokado, haiwaki. Shosho akasema atakayeiwasha aichukue. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya wikendi moja.

Gari za zamani kama hiyo zinatumia pointi. Ndani ya distributa kuna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, stima ya koili inakatika ghafla, koili inatoa maelfu ya volti, na plagi inapiga cheche. Shida ni kwamba pointi zinalika. Nafasi kati yao, karibu nusu milimita, ikibadilika, taiming nayo inapotea. Guka alikuwa akizisugua na msasa kila mara. Moduli ya elektroniki inafanya kazi hiyo hiyo bila kitu kugusana: sumaku inazunguka na shafti, sensa inaihisi, stima inakatwa. Waya ni mbili tu, nyekundu kwa chanya ya koili, nyeusi kwa hasi. Nani atashindwa na waya mbili?

Mimi. Moduli ya kwanza niliiunganisha kinyume. Nikafungua swichi, nikasikia harufu, basi. Sh6,000 zikaenda hivo. Ya pili nikaifunga sawa, mkono ukitetemeka. Nikipiga stata, injini inashika vizuri kabisa. Nikiachilia ufunguo, inazima. Nikashuku kabureta, nikaifungua yote. Nikabadilisha plagi zote 4. Siku 2 zikaisha.

Pale senta kuna fundi mzee aliyekuwa akiitengeneza hiyo gari enzi za guka. Sikutaka kumwita. Watu wa hapo wanajua nilienda kusomea uhandisi wa umeme, nikafika mwaka wa pili. Ningemwambia nini bana?

Shosho ndiye alimwita. Mzee akasikiliza injini ikishika na kuzima, akauliza swali moja: "Kijana, ukiachilia ufunguo, hapo kwa koili stima inafika ngapi?"

Nikatoa mita yangu ya chuo. Betri, 12.4. Koili, karibu 7.

Akanionyesha kipande cheupe cha kauri kando ya koili. Nilikuwa nimekiona siku zote nikadhani ni fyuzi. "Hiyo ni rezista. Inapunguza stima ndio koili na pointi zisiungue. Ukipiga stata, stima inapita kando yake. Ukiachilia, inapita ndani. Pointi hazijali. Hii kitu yako inataka 12 kamili."

Nilinyamaza. Hiyo ni sheria ya Ohm, jamani! Volti ni mkondo mara ukinzani. Rezista na koili ziko kwa mstari mmoja, kwa hivyo zinagawana volti za betri. Nilifanyia mtihani hicho kitu, na nikapita. Jibu lilikuwa kichwani mwangu siku hizo zote 2, na mimi nafungua kabureta.

Tukaitoa waya nyekundu kwa koili, tukaihamisha upande wa rezista unaotoka kwa swichi, kabla stima haijapunguzwa. Nikapiga stata, nikaachilia ufunguo. Ikaendelea kunguruma. Tukaweka taiming na taa, tukakaza distributa.

Mzee akiosha mikono akaniuliza, "Na chuo uliacha kwa nini?"

Guka ndiye alikuwa akinilipia karo. Alipoenda, karo ikaisha. Huo ndio ukweli wote. Niliona aibu kusema sina pesa, nikaona ni rahisi kusema masomo hayana maana. Aibu hiyo hiyo ndiyo ilinizuia kumwita fundi ambaye hana cheti hata kimoja lakini alijua pa kupima.

Na si mimi pekee nimelipia huo uongo. Mmoja wenu aliniandikia kwamba ameacha kuhudhuria darasa kwa sababu ya ile video. Karo yake imelipwa.

Sasa, kama uko na gari la zamani: pima volti kwa koili kabla ya kununua moduli. Tafuta rezista. Usiache swichi wazi kama injini imezima, utachoma moduli au koili. Na zile pointi za zamani usitupe, ziweke chini ya kiti. Moduli ikifa njiani, msasa hautakusaidia.

Na wewe uliyeniandikia, rudi darasani. Mimi nikipata karo, tutapatana huko.